Mgeni Mpe Jembe Kidogo Kidogo: Baridi, Joto na Biashara Ndogo Ughaibuni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika biashara nyingi za Waswahili walioko Marekani, methali hii inatekelezwa hata pasipo kutamkwa. Binamu anafika, anapokelewa kwa pilau, anatambulishwa msikitini au kanisani, na karatasi zake za kazi zikishakuwa tayari, kesho yake alfajiri yumo ndani ya gari la kampuni ya usafi, au nyuma ya mgahawa akiosha masufuria, au nje ya jengo la wateja akisukuma theluji kwa koleo.

Hakuna anayemtakia mabaya. Kinyume chake, kumpa kazi ni kumsaidia. Lakini siku zake za kwanza kazini ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, hasa pale msimu unapokuwa mkali. OSHA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inaeleza kwamba kati ya nusu na asilimia 70 ya vifo vya wafanyakazi wa nje vinavyosababishwa na joto hutokea katika siku chache za mwanzo za kufanya kazi kwenye joto. Anayeumia mara nyingi ni mgeni wa kazi. Mwenye biashara ndogo ndiye anayeamua mgeni huyo aanze vipi.

"Mimi mtoto wa Mombasa, joto haliniwezi"

Kauli hii husikika sana mwezi wa Juni. Ukweli ni kwamba kuzoea joto ni jambo la mwili, na mwili husahau. Mtu akikaa wiki moja au zaidi mbali na kazi ya joto, sehemu kubwa ya mazoea hayo hupotea. Aliyekulia Mombasa, Kigoma au Bukavu, kisha akapitisha majira ya baridi yote ndani ya ghala la Ohio, anaingia kwenye joto la Julai kama mgeni yeyote.

Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza kanuni rahisi. Mfanyakazi mpya asifanye kazi kwenye joto zaidi ya asilimia 20 ya zamu siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Kwenye zamu ya saa 8, siku ya kwanza ni kama saa moja na nusu tu. Muda unaobaki apewe kazi ya kivulini au ya ndani. Siku ya tano ndipo anabeba zamu nzima. Mzoefu anayerudi baada ya mapumziko marefu huanza na nusu, kisha asilimia 60, kisha 80, na siku ya nne anamaliza yote. Jembe anapewa, ila kidogo kidogo.

Maji nayo yasingoje kiu: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, na mahali pa kivuli pa kupumzikia. Wenye migahawa wasidhani habari hizi ni za wajenzi na wakata majani peke yao. Jiko lenye mafuta ya kukaangia yanayochemka na feni mbovu linaweza kuwa kali kuliko nje. California ina kanuni ya joto kwa kazi za nje tangu 2005, na mwaka 2024 iliongeza ya kazi za ndani, inayoanza kutumika joto linapofika nyuzi 82 za Farenhaiti, yaani karibu 28 za Selsiasi.

Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea kama mlevi, kuanguka au kutetemeka kwa degedege, usimwambie akapumzike kwenye gari. Piga 911, mwondoe juani, mmwagie maji baridi au mwekee barafu, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Baridi isiyokuwa na jina nyumbani

Joto angalau tunalijua. Baridi ya Minnesota au Maine ni elimu mpya kabisa, na mgeni hana wa kumkumbusha dalili zake utotoni. Hajui kwamba vidole vinapoacha kuuma na kufa ganzi, hali imekuwa mbaya na si nafuu. Hajui kwamba ngozi inayogeuka nyeupe au kijivu inaganda. Ataisugua ili ipate joto, na kusugua huko huzidi kuiharibu.

Mwonyeshe kabla hajatoka nje. Nguo avae kwa tabaka, angalau tatu. Pamba ikilowa haihifadhi joto, ilhali sufu huendelea kumkinga hata ikiwa na unyevu. Glavu na soksi za kubadilisha ziwe ndani ya gari la kazi. Atetemekaye sana bado mwili wake unapigana. Akiacha kutetemeka huku maneno yakimpotea, hiyo ni dharura: 911, aingizwe ndani, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi, na kama ana fahamu zake apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe haimsaidii.

Kwa makampuni ya usafi na ya kuhudumia wazee majumbani, adui mkubwa ni barafu ya maegesho na ngazi. Mhudumu anatoka nyumba moja kwenda nyingine usiku, mikono imejaa vifaa. Viatu vyenye soli ya kushika, hatua fupi, mkono mmoja huru. Chumvi ya mawe hupunguza nguvu sana baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, kwa hiyo siku hizo weka na mchanga. Kusukuma theluji nzito ni mzigo mkubwa kwa moyo. Mjomba mwenye presha asipewe koleo kwa sababu tu vijana hawajafika.

Hewa isiyo na harufu

Kuna hatari moja ya baridi ambayo tunaweza kuibeba wenyewe kutoka nyumbani: jiko la mkaa. Umeme ukikatika kwa dhoruba, au mtu akitaka kuchoma mishikaki gereji mlango ukiwa umefungwa, mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haionekani, haina harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na watu kadhaa waliomo chumba kimoja wanaweza kuzipata kwa pamoja wakidhani wamekula kitu kibaya.

Nyumbani nyumba nyingi zina matundu na madirisha yanayopitisha upepo. Majengo ya huku yamezibwa ili yahifadhi joto, na gesi haina pa kutokea. Mkaa usiwashwe ndani, hata gereji mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae nje, angalau futi 20, yaani kama mita 6, kutoka mlango au dirisha lolote. Gari lililofunikwa na theluji lisiwashwe kabla ya kusafisha bomba la moshi. King'ora cha gesi hiyo huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa. Weka kimoja dukani, kingine nyumbani.

"Niko sawa, mjomba"

Mwenye kampuni kubwa ana idara ya usalama. Mwenye biashara ndogo ana undugu, na undugu una uzito wake. Kijana aliyelipiwa tiketi, anayelala sebuleni kwako, anayekuamkia shikamoo kila asubuhi, hawezi kukwambia miguu imekufa ganzi. Ukimuuliza atajibu, "Niko sawa, mjomba," hata kama hayuko sawa. Kwake, kulalamika ni utovu wa shukrani.

Kwa hiyo usiuweke usalama wake mikononi mwa ujasiri wake. Panga mapumziko kwa saa na si kwa kuombwa. Sema mbele ya wote kwamba kila baada ya muda fulani kila mtu anaingia ndani, na wewe uwe wa kwanza kuingia. Mgeni asifanye kazi peke yake wiki ya kwanza. Mpe mwenzake anayezungumza lugha yake, awe anamtazama usoni. OSHA inataka mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na hapa mwenye biashara Mswahili ana neema: anaweza kuyatoa mwenyewe kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kibembe, bila kumlipa mkalimani.

Ajue pia kwamba sheria ya usalama kazini inamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji, na kwamba ni kosa kumfukuza kwa sababu amelalamikia hatari.

Msaada wa bure unaoogopwa bila sababu

Wengi wetu tukisikia jina la idara ya serikali tunawaza mkaguzi na faini. Hofu hiyo inawanyima wenye biashara ndogo msaada mkubwa uliowekwa kwa ajili yao.

Kila jimbo la Marekani lina huduma ya ushauri wa usalama mahali pa kazi, inayogharimiwa kwa sehemu kubwa na OSHA na kuendeshwa na idara za majimbo au vyuo vikuu. Unaiomba mwenyewe, ni bure, na ni siri. Mshauri anatembelea jiko lako, karakana yako au ghala lako, anakuonyesha hatari na njia ya kuziondoa. Hatozi faini, na hawapelekei wakaguzi taarifa zako. Sharti ni moja: hatari kubwa atakazozikuta lazima uzirekebishe ndani ya muda mtakaokubaliana. Ukikataa, hapo ndipo suala linaweza kufika kwa wakaguzi. Namba ya simu ya OSHA ni 1-800-321-6742. Ukipiga, omba kuelekezwa kwenye huduma ya ushauri ya jimbo lako.

Kwa hesabu, mikopo na mipango ya biashara, vipo vituo vya maendeleo ya biashara ndogo vinavyojulikana kama SBDC, na SCORE, mtandao wa wafanyabiashara wazoefu wanaojitolea tangu 1964. Ushauri wa kukaa na mtu ana kwa ana huko hautozwi. Waulize jinsi ya kuingiza gharama za glavu, viatu na bima kwenye bei unayomtoza mteja, maana wengi hukosa vifaa hivi kwa sababu walisaini mkataba kwa bei ya chini mno.

Kama Kiingereza cha fomu kinakushinda, mwanao aliyeko chuo anaweza kukaa nawe jioni moja. Wanafunzi wetu hufanya kazi kwa wajomba zao wakati wa likizo. Hii nayo ni kazi, na mlipe.

Kinachodaiwa na sheria

Binamu anayelipwa ni mfanyakazi. Udugu haumwondoi kwenye sheria. Ajali ikiua, OSHA ijulishwe ndani ya saa 8. Ikimlaza mtu hospitali, ikimkata kiungo au kumtoa jicho, ndani ya saa 24. Biashara yenye watu 10 au pungufu husamehewa daftari la kawaida la ajali, lakini haisamehewi kutoa taarifa hizi.

Bima ya kuumia kazini husimamiwa na kila jimbo kwa kanuni zake. Majimbo mengi huilazimisha hata kwa wenye wafanyakazi wachache, ilhali Texas huwaachia waajiri binafsi wachague. Usisubiri mtu avunjike mguu ndipo uulize. Bili ya mguu mmoja uliovunjika inaweza kumeza akiba ya miaka mingi.

Kwa walioko Uingereza na Ghuba

Uingereza haina kiwango cha juu cha joto kilichowekwa kisheria kazini. Mwongozo wake unataka ndani pasipungue nyuzi 16 za Selsiasi, au 13 kwa kazi ya nguvu. Tathmini ya hatari ni lazima kwa kila mwajiri, na kuanzia wafanyakazi 5 iandikwe. Bima ya dhima ya mwajiri isipungue pauni milioni 5, na kukosa bima hiyo kunaweza kutozwa hadi pauni 2,500 kwa kila siku. Miongozo ya HSE iko wazi bure mtandaoni.

Oman husimamisha kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni hadi Agosti. Umoja wa Falme za Kiarabu hufanya hivyo toka saa sita na nusu hadi saa tisa, Juni 15 hadi Septemba 15. Qatar huanza mapema zaidi, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni 1 hadi Septemba 15. Mwenye kampuni ndogo ya ujenzi Muscat apange zege lake alfajiri.

Wiki hii

Kabla msimu haujageuka, fanya mambo manne. Kagua glavu, viatu, feni na king'ora cha gesi. Andika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, dalili za joto na baridi na namba ya dharura, ubandike kwenye gari na jikoni. Panga siku tano za mwanzo za mfanyakazi mpya, ukitaja nani atakuwa naye. Kisha piga simu ya ushauri.

Mama yake aliyebaki Uvira au Tanga hakumkabidhi kwa OSHA wala kwa kampuni ya bima. Alimkabidhi kwako.