Kompyuta ya Familia: Kuchagua Mfumo Endeshi na Mahali pa Kupata Programu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi uliomo katika kompyuta nyingi za mtumba zinazotumika majumbani. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kufanya kazi kama ilivyokuwa. Kilichokoma ni uzibaji wa matundu ya kiusalama ambayo wahalifu wa mtandao huyatafuta kila siku. Kwa familia inayotumia kompyuta moja kuomba mkopo wa elimu ya juu wa kijana wao, kushughulikia leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI na kutunza nakala za vyeti na hati, jambo hilo si dogo.

Mfumo endeshi ni programu mama inayoratibu kazi zote za kompyuta: skrini, kibodi, diski, printa na programu nyingine. Familia yenye kompyuta ya zamani ina njia tatu za kuzingatia.

Njia ya kwanza: Windows 11

Mfumo huu unahitaji RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti hayo. Anayenunua kompyuta ya mtumba hana budi kuyahakiki kabla ya kulipa, kwa kuwa muuzaji anaweza kusifia ukubwa wa diski na kunyamazia umri wa prosesa.

Njia ya pili: kubaki na Windows 10 kwa muda

Microsoft iliweka mpango wa nyongeza unaompa aliyejisajili masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huu ni muda wa kujipanga tu, si suluhisho la kudumu.

Njia ya tatu: Linux

Linux ni mfumo huria usiolipiwa leseni, wenye matoleo mengi. Yanayofaa zaidi kwa wanaoanza ni Linux Mint na Ubuntu, jina ambalo katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika lina maana ya utu. Linux Mint huridhika na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 huleta wepesi, na diski ya GB 20. Linux Mint 22 na Ubuntu 24.04 yote yamepangiwa masasisho hadi mwaka 2029.

Uamuzi uanze na orodha ya kazi zinazofanywa na familia. Huduma zinazopatikana kwa kivinjari, kama vile Firefox au Chrome, hufunguka vilevile katika Linux. Barua na majedwali huandikwa kwa LibreOffice, ambayo hufungua pia mafaili ya Word, ila mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo. Hivyo wasifu wa kuombea kazi ni vyema utumwe kama PDF. Hata hivyo, duka linalotegemea programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee halina sababu ya kuhama kabla ya kujaribu.

Ipo njia nyingine ambayo haipendekezwi: nakala zilizochakachuliwa. Mara nyingi kifungua-leseni cha bandia humtaka mtumiaji azime kwanza programu ya kuzuia virusi. Huko ni kumfungulia mwizi mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Programu zipatikane wapi?

Kwa Windows, programu zichukuliwe katika duka la Microsoft au tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kwa Linux, programu hufungashwa kwa namna kadhaa, na tofauti yake huonekana katika bando la intaneti.

Vifurushi vya deb hutoka katika hazina rasmi ya mfumo. Hutumia kwa pamoja sehemu ambazo tayari zimo katika kompyuta, hivyo huwa vidogo. Vifurushi vya Flatpak na Snap hubeba sehemu nyingi za kwao. Upakuaji wa kwanza unaweza kufikia mamia ya MB. Faida yake ni kwamba mara nyingi huwa na matoleo mapya zaidi, na programu huweza kuwekewa mipaka isiguse kila kitu katika kompyuta. Ubuntu hutumia Snap, ambayo hujisasisha yenyewe bila kusubiri amri. Anayetumia bando la simu anapaswa kuyaahirisha masasisho hayo hadi apate mtandao wa bei nafuu. Linux Mint haiji na Snap, bali hutumia deb na Flatpak.

Kwa nyumba nyingi, utaratibu mwepesi ni kuanza na deb, kisha Flatpak pale tu programu inayohitajika inapokosekana au imepitwa na wakati. Programu moja isisakinishwe kwa namna mbili, kwani hujaza diski na kuwachanganya watoto.

Kabla ya kubadili mfumo

1. Nakili picha, vyeti na kazi za shule katika diski ya nje, kisha zifungue katika kompyuta nyingine kuhakikisha zimekamilika. Kupiga Windows upya au kusakinisha Linux kunaweza kufuta diski yote, na fundi hawezi kuahidi kurudisha kilichofutika.

2. Jaribu Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Pima intaneti, sauti na printa.

3. Fungua akaunti ya kila mtumiaji. Nywila ya msimamizi ibaki kwa mzazi au mlezi.

4. Ruhusu masasisho ya usalama. Mfumo wowote usiosasishwa, uwe wa kulipia au wa bure, utarudi katika hatari ileile.

Mkazi asiye na uhakika wa uwezo wa kompyuta yake aandike aina ya prosesa, RAM na ukubwa wa diski, kisha aombe ushauri Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kabla ya kununua au kufuta chochote.