Kuumwa na kichwa si malaria kila mara: Kuvu inavyoshambulia ubongo

KATIKA kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, mtu anapoumwa na kichwa na kushikwa na homa, hushuku malaria kwanza. Mara nyingi huwa hajakosea, kwani malaria imeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, eneo hilo pia lina viwango vya juu vya virusi vya Ukimwi. Kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika, maumivu hayo huenda yakatokana na kuvu iitwayo kriptokokasi, ambayo hushambulia utando wa ubongo.

Kuvu hiyo hupatikana kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na huingia mwilini kwa njia ya vumbi. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake, hivyo jamaa hawana sababu ya kumtenga. Hatari huongezeka chembechembe za CD4 zinaposhuka chini ya 200.

Dalili zake ni kichwa kuuma kwa siku nyingi, kutapika, shingo kukakamaa, kutotazama mwangaza na kuchanganyikiwa.

Ili kuthibitisha ugonjwa, daktari hutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Jamaa wengine hukataa wakihofia mgonjwa atapooza au kufa. Kinyume chake, kutoa maji hayo hupunguza shinikizo kichwani, na shinikizo hilo ndilo huwaua wengi.

Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Kisha mgonjwa humeza flukonazoli pekee kwa wiki nane, na baadaye kipimo cha chini kwa angalau mwaka mmoja, hadi kinga irejee. Asiyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi husubiri wiki nne hadi sita kabla ya kuzianza, kwa kuwa kinga ikirejea ghafla ubongo huweza kuvimba.

Hatari kubwa ni kuacha vidonge pindi maumivu yanapokwisha, kwani kuvu hurudi. Mvuvi anayehama ufuo mmoja hadi mwingine akifuata samaki hana budi kubeba dawa za kutosha pamoja na kadi yake ya kliniki. Mwanamke mjamzito naye amjulishe daktari mapema, kwani flukonazoli nyingi huweza kumdhuru mtoto tumboni.