Ukiumizwa Hospitalini, Tunza Karatasi Zako

Mwezi Novemba mwaka 2007, vijana wawili walikuwa wamelazwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mmoja alikuwa anaumwa goti. Mwenzake alikuwa anaumwa kichwa. Majina yao ya kwanza yalikuwa sawa. Siku ya kupasuliwa walichanganywa. Mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa. Mgonjwa wa kichwa alipasuliwa goti. Baadaye, yule mgonjwa wa kichwa alifariki dunia.

Habari hii ilijulikana nchi nzima. Lakini wako watu wanaoumizwa huko vijijini, na hakuna anayejua. Husema, "Ni mapenzi ya Mungu," wakanyamaza.

Je, kila baya ni uzembe?

Hapana, ndugu msomaji. Waganga na wauguzi wengi hufanya kazi yao vizuri. Tena ugonjwa unaweza kumshinda hata daktari hodari. Uzembe ni kuacha jambo ambalo mganga mwenzake asingeliacha. Mfano ni kusahau kitambaa tumboni mwa mama aliyepasuliwa ili ajifungue.

Mahakama itauliza mambo mawili. Je, mganga alifanya kosa? Je, kosa hilo ndilo lililokuumiza? Ni lazima uthibitishe yote mawili.

Ufanye nini?

Kwanza, tafuta matibabu. Nenda hospitali nyingine. Daktari wa huko ataandika alichokiona. Maandishi hayo ni ushahidi.

Pili, tunza karatasi. Weka kadi, vyeti, stakabadhi na picha za eksirei mahali pakavu. Andika katika daftari tarehe, jina la aliyekutibu na maneno aliyokuambia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya yako pia ni mali.

Tatu, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Huenda imeandikwa kwamba umesamehe. Sasa unajua kusoma. Isome mpaka mwisho.

Nne, peleka malalamiko kwa mganga mfawidhi. Usiposikilizwa, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Unaweza pia kuandika barua kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama mkosaji ni muuguzi au mkunga, andika kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya yanaweza kumwadhibu mkosaji, hata kumfuta kazi yake ya uganga au uuguzi. Lakini fidia hutolewa na mahakama.

Msaada wa sheria bila malipo

Wengi huogopa kwa sababu hawana fedha za wakili. Tanzania Bara ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo, mtu asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila kulipa. Uliza katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii wilayani kwako. Watakuonyesha wasaidizi wa sheria walio karibu. Nenda na karatasi zako zote.

Angalia siku

Madai ya namna hii yana muda wake. Ni miaka 3 tangu ulipoumizwa. Muda ukipita, mahakama inaweza kuyakataa hata kama una haki. Kama hospitali ni ya Serikali, ni lazima kwanza utoe taarifa ya maandishi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Msaidizi wa sheria atakusaidia kuiandika. Kama aliyeumizwa ni mtoto, mzazi anaweza kudai kwa niaba yake.

Kudai haki si kumchukia daktari. Kosa likisemwa, hospitali hujirekebisha, na mgonjwa wa kesho hupona.

Basi, ndugu mwananchi, usikae kimya. Fungua daftari lako leo, uandike. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.