Kutoka Goetzen hadi Liemba: Utumishi wa Meli Moja ya Ziwa Tanganyika

Kati ya vyombo vya mvuke vilivyotumika katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni kimoja tu kilichoendelea kubeba abiria hadi karne ya 21. Nacho ni meli ya Liemba, ambayo jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kufika ziwani: tarehe 22 Agosti 1914 Wajerumani, kwa meli yao Hedwig von Wissmann, waliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, wakaiharibu. Tangu hapo ziwa likawa mikononi mwao.

Umuhimu wa Goetzen haukuwa katika mizinga yake, ijapokuwa ilifungiwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji mwaka 1915. Nguvu yake ilikuwa katika nafasi. Iliweza kuchukua askari wapatao 800 na kuwashusha pwani yoyote ya ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi. Kwa mabandari ya upande wa Kongo, Uvira ikiwa miongoni mwao, tishio la namna hiyo lilizidi lile la makombora.

Waingereza walijibu kwa kuleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kupitia Cape Town, Katanga na Mto Lualaba hadi Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. (Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba chombo kilikuwa kikijitaja chenyewe, Mimi na Toutou ni majina ya kitoto ya Kifaransa, la paka na la mbwa.) Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Goetzen, hata hivyo, hawakuigusa.

Meli hiyo ilizamishwa na wenyewe. Wabelgiji walipoikaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya hapo wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Hayo si matendo ya watu waliokata tamaa. Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 1,470; laiti wangetaka meli ipotee kabisa, wasingechagua maji ya karibu na pwani.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena katika dhoruba bandarini Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kukuta mitambo ingali yafaa. Ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina jipya. Götzen alikuwa gavana wa koloni wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Liemba ni jina ambalo Livingstone alilisikia katika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867. Jina la mtawala likafutwa, likaandikwa jina la maji yenyewe. Katika miaka ya 1970 mvuke nao uliachwa, meli ikatiwa injini za dizeli.

Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha kwao Wakongo waliokimbilia Tanzania. Safari zilikuwa kati ya Kigoma na Uvira. Meli iliyoagizwa na dola moja, ikatumiwa kutishia pwani hii kwa askari, sasa iliileta pwani hiyohiyo wenyeji wake.

Mnamo Mei 2015 iliitwa tena, safari hii kwa ajili ya Warundi waliojazana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma. Kagunga hakukuwa na gati wakati huo. Liemba ilisimama mbali na ufuko, na watu, yapata 600 kila safari, wakafikishwa kwayo kwa mashua ndogo.