Unga wa ndagala ndani ya uji wa mtoto

Hapa Nyakabere, kama vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, mtoto akifika miezi 6 anaanza kupewa uji wa mihogo ao wa mahindi. Uji huo unashibisha, lakini mihogo ina protini kidogo sana. Mtoto akila huo tu kila siku, bwaki inaweza kumpata: miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu, anakosa nguvu ya kucheza.

Huko Ulaya kuna watu wanaonyunyizia chakula chachu iliyokaushwa, juu ya ladha na vitamini B. Lakini chachu hiyo haina vitamini B12 kama kiwanda hakikuiongeza. Ndagala za ziwa letu zinayo zenyewe. Tena tunazikula nzima na mifupa, kwa hiyo zinatupa protini, chuma na kalsiamu.

Tuzitengeneze hivi:

1. Chagua ndagala kavu, zisizo na chumvi wala kuvu. Zilizoanikwa kwenye mchanga, zioshe haraka na maji safi, kisha zianike tena juu ya wavu.

2. Zikaange bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka zivunjike kwa vidole.

3. Twanga, chekecha. Mifupa inayobaki, itwange tena.

4. Weka ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko. Tengeneza ya juma moja ao mbili tu. Ikinuka vibaya, tupa.

Uji ukikaribia kuiva, tia kijiko kimoja cha unga kwa kila bakuli ya mtoto, koroga, acha uchemke dakika 5. Ongeza mafuta ya mawese kidogo. Kunyonyesha kuendelee mpaka miaka 2. Mtoto akitoka vipele ao midomo ikivimba, acheni unga, mumpeleke kituo cha afya. Na yule ambaye miguu imekwisha kuvimba, musingoje unga ufanye kazi: mumpeleke leo.

Bei je? Wavuvi wanavua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala zinapungua na bei inapanda. Basi mama wa koperative wachange, wanunue gunia moja Uvira wakati wa giza, wagawane. Gunia linashinda familia moja, lakini familia kumi wataliweza.