Kenya na biashara ya utafiti: Mbegu hapa, mavuno kwa nani?

Katika hesabu za biashara ya Afrika Mashariki, Kenya hutajwa kwa chai, maua, utalii na bandari. Bidhaa moja husahauliwa kwa sababu haipakiwi katika makontena: utafiti wa kisayansi. Nchi hiyo ni kati ya vituo vikubwa vya utafiti barani Afrika, na wafanyabiashara pamoja na wawekezaji wadogo wana sababu ya kufahamu nguvu hiyo inatokana na nini, na fedha zake huishia mifuko ipi.

Nguvu ya kwanza ni mahali penyewe. Kenya imekatwa na ikweta, na ndani ya nchi moja mna pwani yenye joto, nyanda za juu zenye baridi, nyika kavu na maziwa ya magadi. Mtafiti wa mimea, mifugo au magonjwa hupata mazingira mengi bila kuvuka mpaka. Hata wataalamu wa anga waliitumia nafasi hiyo. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru, kwani siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Nguvu ya pili ni taasisi. Kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilianzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ilifuata mwaka 1979. Makao makuu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, nayo yako Nairobi. Taasisi huvutana kama maduka ya mtaa mmoja: penye maabara moja hupatikana mafundi, wauza vifaa na vijana waliosomea kazi hiyo, na maabara ya pili huona nafuu kufungua hapo hapo. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, kazi za kompyuta nazo zilipata njia.

Hata hivyo, kuwa mahali pazuri pa kufanyia utafiti ni jambo moja, na kubaki na faida ni jambo jingine. Utafiti hupita ngazi tatu: ugunduzi, umiliki na utengenezaji. Kenya ina nguvu katika ngazi ya kwanza. Fedha nyingi ziko katika ngazi mbili zinazofuata.

Chanjo ya ndigana kali ya ng'ombe ni mfano mzuri. Ilibuniwa Muguga, karibu na Nairobi, na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiilipia kwa fedha zao wenyewe, ishara ya kutosha kwamba soko lipo. Lakini kiwanda kilichokuja kuitengeneza kiko Lilongwe, Malawi. Chanjo mbili za malaria zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023 zilijaribiwa Kilifi, miongoni mwa vituo vingine vya Afrika. Ya kwanza ni ya kampuni ya Uingereza, na ya pili hutengenezwa India.

Chai ya zambarau ina funzo la namna yake. Watafiti wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya kazi ya miaka mingi. Walioipanda walitarajia bei ya juu, lakini viwanda vingi havikuwa na mtambo wa kuisindika peke yake, na wengi wakauza majani hayo kwa bei ileile ya chai ya kawaida. Mbegu bora bila kiwanda haikupandisha bei.

M-Pesa inaonyesha upande wa pili. Ilianza kwa majaribio mwaka 2005, kwa fedha za Vodafone na za misaada ya serikali ya Uingereza, ikafunguliwa kwa umma Machi 2007. Huduma ilikuzwa na wateja wa Kenya, lakini jina lilikuwa mali ya Vodafone, na Safaricom ililazimika kulipia kulitumia. Mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom walipolinunua. Waliobuni matumizi walikuwa wapangaji kwa zaidi ya miaka kumi.

Wenye hisa nao walifundishwa subira. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh5. Bei ikaanguka chini ya hapo kwa miaka kadhaa, na waliouza kwa hofu wakala hasara. Mwaka 2021 ilipita Sh40, kisha mwaka 2023 ikarudi chini ya Sh20. Ubunifu mzuri si kinga ya kununua ghali.

Kwa upande wa serikali, sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 iliweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Bajeti haikufikia kiwango hicho, na sehemu kubwa ya kazi imeendelea kutegemea wafadhili wa nje. Anayelipa ndiye huchagua swali la kutafitiwa, na mara nyingi ndiye huandika mkataba.

Kwa hiyo, mwekezaji anapoletewa habari ya ugunduzi mpya kutoka Nairobi au Kericho, maswali ya kuuliza ni matatu. Hataza imeandikishwa kwa jina la nani? Kiwanda kitajengwa wapi? Na mnunuzi wa kwanza ni nani, akilipa bei gani? Majibu yakikosekana, kilichopo mezani ni sayansi nzuri, lakini bado si biashara.