Wanyama Waliopita Kiasi, na Mdogo Awashindaye Wote

Katika mji wa Mombasa, njia iitwayo Biashara Street ni mashuhuri kwa maduka yake ya nguo. Hapo ndipo wanawake wa kisiwani na wa mashamba hufika kuchagua leso, na wanaume kununua vikoi. Na hapo ndipo kila mtu, awe tajiri au fukara, hujifunza ya kuwa sifa si kitu mpaka ipimwe. Mwenye duka aweza kuisifu nguo yake kutwa nzima, lakini mnunuzi mwenye akili huikunjua, akautazama urefu na upana wake, kisha ndipo akatoa fedha.

Ada hiyo njema yafaa kufuatwa hata katika habari za wanyama. Mabarazani watu hushindana sana: huyu asema ndovu ndiye mkubwa wa viumbe vyote, yule asema hapana, ni nyangumi, mmoja aapa kwamba duma hashindwi kwa mbio, na mwenziwe amtaja kozi. Mabishano hayo huishia kwa kelele kwa sababu hakuna aliyepima. Lakini wataalamu wamekwisha kupima mengi, na hesabu zao zaweza kuelezwa kwa kipimo ambacho hakuna mtu wa pwani asiyekijua, nacho ni doti ya leso. Leso moja ina urefu wa kadiri ya mita 1 na nusu. Basi leso mbili za doti moja, zikitandazwa moja mbele ya nyingine, hufanya mita 3.

WAKUBWA WA BAHARINI

Mnyama mkubwa kuliko wote walio hai ni nyangumi wa buluu. Urefu wake hufika mita 30, yaani doti 10 zilizotandazwa, na uzito wake waweza kupita tani 150, sawa na ndovu madume 25. Nyangumi si samaki, ijapokuwa umbo lake lafanana na la samaki. Yeye huvuta hewa kama ng'ombe, na huzaa na kunyonyesha. La ajabu zaidi ni chakula chake. Huishi kwa viumbe vidogo vya jamii ya kamba, ambavyo kila kimoja si kirefu kupita kidole cha mtu, naye huvimeza kwa maelfu na maelfu.

Katika samaki wa kweli, mkubwa wao apatikana katika bahari yetu wenyewe. Wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi, na watu wa kisiwa cha Mafia humwita potwe. Waliopimwa wakubwa kabisa walifika kadiri ya mita 18, yaani doti 6. Mgongo wake umejaa madoa meupe, na wavuvi husimulia ya kuwa Mungu alipomwona jinsi alivyo mzuri alimrushia shilingi, zikamganda. Ingawa ni papa, hana madhara kwa mtu, maana naye huchuja maji na kula viumbe vidogo sana.

NDOVU NA PEMBE ZAKE

Katika nchi kavu, twiga ndiye mrefu kuliko wote: dume lake hufika mita 5 na nusu, karibu doti 2 zilizosimamishwa wima. Lakini kwa ukubwa wa mwili ndovu wa Afrika hana mshindani. Dume zima huwa na uzito wa kadiri ya tani 6.

Kila mtu wa Mombasa aijua Mapembeni, mahali palipo na zile pembe kubwa za bati zilizosimamishwa kwanza katika miaka ya 1950. Wengine hudhani kwamba mfano ule ni wa kupita kiasi, na kwa kweli ni hivyo. Lakini pembe za kweli nazo zimewahi kuwashangaza watu. Mwaka 1898 ndovu mmoja aliuawa katika miteremko ya Kilimanjaro, na pembe zake zikauzwa Unguja. Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 3, yaani zaidi ya doti nzima, na uzito wa karibu kilo 100. Hakuna pembe za ndovu zilizojulikana kuwa nzito kuliko hizo, nazo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini London.

Pembe ya ndovu hukua maisha yake yote. Kwa hiyo pembe kubwa ni dalili ya umri mrefu, na ndovu asiyeachwa azeeke hawezi kuwa nazo. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu ya kumlinda ndovu Ahmed wa Marsabit, ambaye pembe zake zilikuwa zikikaribia kugusa ardhi. Ahmed alilindwa usiku na mchana mpaka akafa kwa uzee mwaka 1974, na mfano wake wasimama katika makumbusho ya Nairobi. Ndovu Satao wa Tsavo hakujaliwa hivyo. Mwezi wa Mei mwaka 2014 aliuawa na majangili kwa mshale wa sumu, wakamkata uso na kuchukua pembe zake. Wakimwua mzee wa namna hiyo, miaka 50 ya kukua hupotea kwa saa moja, wala hakuna fedha ya kuirudisha.

HESABU YA FUNDI CHEREHANI

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini hakuna mnyama wa nchi kavu aliye mkubwa kama nyangumi? Jibu lake fundi cherehani wa Biashara Street angelifahamu upesi.

Tuseme mtu mmoja ameongezwa mara mbili kwa kimo, kwa upana na kwa unene. Je, kitambaa cha kumshonea kitakuwa mara mbili? La, kitambaa hicho hakitatosha. Atahitaji mara nne, kwa kuwa nguo hukua kwa urefu na kwa upana pia. Lakini uzito wa mtu huyo hautakua mara nne, bali mara nane, kwa kuwa mwili hukua kwa urefu, kwa upana na kwa unene. Hapo ndipo ilipo taabu ya wakubwa. Nguvu ya mfupa hutegemea upana wake pale unapokatwa, kwa hiyo mifupa yake imeongezeka nguvu mara nne tu, hali mzigo umeongezeka mara nane. Ndiyo maana miguu ya ndovu ni minene kama nguzo, wala haikukonda kama ya paa. Nyangumi amepona taabu hiyo kwa kuwa maji humwinua. Lakini akitupwa pwani huweza kufa, kwani uzito wake mwenyewe humkandamiza kifua.

Hesabu hiyohiyo yaeleza mambo ya joto. Mnyama mkubwa ana mwili mwingi na ngozi chache ya kutolea joto; kwa hiyo ndovu amepewa masikio mapana yenye mishipa mingi ya damu, ayapunge apate kupoa. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kuliko mwili, na joto lake hupotea upesi. Mtazame kirukanjia. Mdogo kabisa wa jamii hiyo ana uzito wa kadiri ya gramu 2 tu. Moyo wake hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika moja, hali wa ndovu hupiga kadiri ya mara 30. Yampasa kula karibu wakati wote, maana akikosa chakula kwa saa chache hufa.

WENYE MBIO NA WENYE UMRI

Kwa mbio za nchi kavu, sifa za duma ni za haki. Mwaka 2012, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, duma jike mmoja alipimwa akikimbia mita 100 kwa sekunde 5.95. Binadamu mwenye mbio kuliko wote, Usain Bolt wa Jamaika, alizikimbia kwa sekunde 9.58 mwaka 2009. Uti wa mgongo wa duma hujipinda na kujinyosha kama upinde, kucha zake hushika ardhi, na mkia wake humwongoza kama usukani. Hata hivyo, hawezi kuendelea hivyo ila kwa mita mia chache, kisha huchoka.

Hewani, kozi amwachapo windo lake chini yake na kujitupa kutoka juu, hupita mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Na kwa kupanda juu, mshindi ni tai mla mizoga wa aina iitwayo Rüppell, ambaye huonekana Afrika ya Mashariki pia. Mnamo Novemba mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kimo cha zaidi ya mita 11,000. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Tai yule alikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Ama sulisuli, ambaye wavuvi wa Malindi wamjua vyema, yeye ni fundisho la kupima. Kwa miaka mingi vitabu viliandika ya kuwa huogelea zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Wataalamu walipompima kwa vyombo katika miaka ya karibuni, waliona kwamba hafiki hata kilomita 40. Samaki hakubadilika, kilichobadilika ni kwamba alipimwa.

Kwa umri, kobe wakubwa wa visiwani ndio wazee wa nchi kavu. Kobe Jonathan wa kisiwa cha Saint Helena alipelekwa huko mwaka 1882 akiwa amekwisha kuwa mzima, na kwa makadirio alitimiza miaka 190 mwaka 2022. Jamaa zao wako karibu nasi, katika kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Unguja, ambako kobe wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

MWUAJI MKUU

Imebaki rekodi moja, nayo ndiyo inayomhusu kila msomaji. Ni mnyama gani auaye watu wengi kuliko wote? Wengi watamtaja simba, mamba, nyoka au papa. Lakini papa wa dunia nzima kwa kawaida huua watu wasiofika 20 kwa mwaka. Mshindi ni mnyama ambaye 300 wake hawatimizi uzito wa gramu moja: ni mbu.

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alithibitisha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Mbu dume hana hatia, hunyonya utamu wa mimea. Jike ndiye atafutaye damu kwa ajili ya mayai yake, na aumapo hupitisha vijidudu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria ya kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000. Karibu wote walikuwa Waafrika, na katika kila wanne wa Afrika, watatu walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Wala malaria si madhara yake pekee. Pwani yetu yajua pia matende, na homa ya dengi iliyozuka Mombasa mwaka 2013; na zote mbili huletwa na mbu. Wazee walisema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini mwuaji huyu naye amepimwa, na dawa yake imepimwa. Katika miaka ya 1990, huko Kilifi, si mbali na Mombasa, vijiji vingine vilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa na vingine vikangoja zamu yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996: penye vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa thuluthi moja. Maana yake, katika kila watoto watatu ambao wangalikufa, mmoja alibaki hai kwa sababu ya kitambaa chenye matundu.

Basi yafaa kila mwenye nyumba ahakikishe ya kuwa mama mja mzito na watoto walala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, wala kisichotoboka. Mitungi na mapipa ya maji yafunikwe. Makopo, vifuu na mipira mibovu ya magari isiachwe nje ikashika maji ya mvua, na mashimo ya maji machafu yazibwe. Na mtoto ashikwapo na homa, apelekwe zahanati siku ileile akapimwe damu, asingojwe mpaka kesho.

Mtu aendaye Biashara Street kununua doti ya leso ya arusi huangalia kila uzi, akaikataa yenye kasoro. Arudipo nyumbani jioni, na akiangalie vivyo hivyo chandarua kilicho juu ya kitanda cha mwanawe, akakishone palipotoboka kabla jua halijatua.